Uso wa Babu Zahran

Babu Zahran alikuwa akitujia vipande vipande. Kila Ijumaa baada ya sala, bibi yangu, Bi Sheikha, alikaa kwenye kiti chake cha dirishani hapa Mji Mkongwe, amejitanda kanga mpya, nami nikamshikia simu. Kaka yake akatokea kutoka Maskati: kwanza paji la uso, kisha sikio, kisha picha ikaganda. Sauti ilifuata baadaye, imekatikakatika. Hawakuwa wameonana ana kwa ana tangu mimi sijazaliwa, na safari hakuna kati yao aliyeiweza tena.

"Nataka nimwone uso wake wote, mara moja tu," aliniambia Bibi. "Si kazi yako hiyo?"

Ndiyo kazi yangu, na ndilo lililonikera. Nafunga mitambo ya mtandao kwenye hoteli za Mbweni, wageni wanatazama filamu wakiwa ndani ya bwawa, halafu nyumbani nashindwa kumletea bibi yangu uso mmoja.

Sababu niliijua. Kichochoro chetu ni chembamba, kitanda hakipiti, na nyumba zote zinarusha mawimbi kwa masafa yaleyale. Mansour, mwenye nyumba ya wageni mkabala na sisi, aliweka antena darini. Bi Ulfat wa ghorofa ya juu yetu, anayeuza mitandio kwa simu, akaona yake imezidiwa, akanunua kubwa zaidi. Mansour akaongeza nguvu. Ikawa kama ukumbini siku ya harusi, kila mmoja anapaza sauti ili asikike na shoga yake, mwisho hasikiki yeyote. Dawa ilikuwa nyepesi: kila mtu apunguze nguvu, zitoshe nyumba yake tu, na sote tungepata.

Nilianza na yetu, niwe mfano. Ijumaa ile hatukupata hata paji la uso.

Nikawaendea majirani. Alhamisi moja nilizipunguza nguvu antena zao zote kwa mkono wangu. Wakaniombea dua, wakanipa na chai. Kesho yake kabla ya adhuhuri zote zilikuwa zimepandishwa tena. Hakuna kilichokuwa kimekwama, ila kwenye simu zao alama ya mtandao ilipungua mstari mmoja, basi wakaona wameibiwa.

"Nikipunguza mimi, Ulfat ataongeza," alisema Mansour kwa upole. "Mwambie aanze yeye."

Bi Ulfat naye akataka aanze Mansour. Kisha akaniuliza hali ya Bibi, akanipa bakuli la uji nimpelekee. Hawakuwa watu wabaya, na ndiyo maana nilishindwa hata kugombana nao. Nilipanda na kushuka ngazi zile mpaka magoti yakaniuma, na kila mlango wakanijibu inshaallah, kwa sauti ile ya kusema haitakuwa, ambayo kila Mzanzibari anaijua.

Bibi alifariki Jumatano asubuhi, chai yake imebaki nusu. Tukamzika baada ya alasiri.

Kwetu mtaa ukifiwa, redio na televisheni hunyamazishwa mpaka hitima isomwe, na hakuna anayehitaji kuambiwa. Safari hii walizima na mitambo ya mtandao. Mansour aliwaomba wageni wake wavumilie, Bi Ulfat akaacha kuuza. Yetu tu ilibaki inawaka, kwa kuwa niliisahau. Ijumaa baada ya sala simu ikalia, nikaipokea kwa mazoea.

Uso wote ulikuwepo. Ndevu nyeupe, kovu la kwenye nyusi, macho mekundu, na pua ya Bibi. Maneno yalikwenda pamoja na midomo.

"Leo nnakuona vizuri, Khairat," alisema. "Mmefanya nini?"

Nikatazama nje. Taa ndogo ya antena ya Mansour ilikuwa imezimwa. Hasira zikanipanda, na sikuwa na wa kumtolea, maana Bi Ulfat alikuwa jikoni kwetu akichagua mchele wa hitima.

"Majirani wamezima mitambo yao, Babu. Kwa heshima yake."

 Akaniomba nimwonyeshe pale dada yake alipokuwa akikaa. Nikaielekeza simu kwenye kiti cha dirishani, kanga yake bado iko mgongoni mwa kiti. Akakitazama muda mrefu. Mkono uliniuma, nikaomba moyoni picha ikatike, na haikukatika.