Sauti ya Pilar Kwenye Koo la Kapteni

Osang alikuwa akimfunga rola muuza samaki pale Kapteni Dimaano wa polisi alipoingia saluni na kufuli mkononi. Ilikuwa Jumamosi mchana, joto la mji wa Iloilo limebana, na muuza samaki hakuinua hata macho.

"Karibu, afande. Tukunyoe au tukupake wanja?" Osang akauliza.

"Nafunga."

"Unafunga nini? Mdomo?"

Muuza samaki alicheka mpaka rola moja ikadondoka.

Nyuma ya saluni, ukivuka pazia la shanga, ndiko ilikokuwa klabu ya Gumamela. Pilar aliianzisha miaka ile ya amri ya kutotoka nje usiku. Wanaume wanaopenda wanaume waliingia kabla ya king'ora, mlango ukafungwa, wakatoka alfajiri na viatu mkononi. Wazazi wake walikuwa wamemwita Placido. Yeye alipanda jukwaani na gauni la mabega yaliyosimama kama mbawa za kipepeo, akaimba kwa koo lake mwenyewe. Waliomfuata wote walichezesha midomo tu, kaseti ikiwaimbia. Mapafu yalipomshinda, Pilar alirekodi wimbo mmoja, akamkabidhi Osang.

"Usiniache ninyamaze," akamwambia.

Tangu azikwe, kila Jumamosi Osang alivaa gauni lile na kuchezesha midomo, na Pilar akaimba.

Sasa kapteni alibeba spika, mawigi na kaseti. Osang akamfuata hadi kituoni, kitana bado mkononi.

"Mawigi chukua, yatakupendeza. Kaseti nirudishie, afande. Hiyo ni mtu."

"Hiyo ni uchafu." Kapteni akaitupa kwenye pipa la taka uani, akaiwasha moto. Alisimama karibu mno. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, ukamwingia wote mdomoni. Akakohoa kidogo, akaenda kula.

Kesho yake kanisani, watu walipotakiwa kuitikia, kapteni alifungua kinywa ikatoka sauti ya Pilar. Aliimba wimbo mzima. Padri alisubiri uishe, akaendelea na misa. Jumatatu kapteni alitaka kuamrisha gwaride, askari wakaimbiwa ubeti wa kwanza, wakageuka kulia. Kuanzia hapo akawa anaandika amri zake kwenye vipande vya karatasi, na kazi ikaenda kama kawaida. Kufuli nalo likabaki mlangoni.

Osang alihamishia kiti na ndoo kwenye ukingo wa barabara. Katikati ya wiki akaja Remedios, mke wa kapteni, kuoshwa nywele.

"Shoga, yule mtu wako yumo ndani ya mume wangu. Anaimba mpaka usingizini."

Osang aliacha kusugua. "Pale sauti inapopanda juu, anafika?"

"Anafika vizuri tu. Mimi hulala namsikiliza."

Maji yalimwagika mengi kuliko yaliyohitajika. Osang akajifuta uso kwa kiwiko.

"Mpe mayai mabichi, yanalainisha koo. Na Jumamosi jioni aje akague kufuli lake."

Alikuja. Barabara ilikuwa imejaa viti vya plastiki. Wateja wa zamani wa Gumamela walikuwa wamevaa vizuri, wengine na wake zao. Osang alisimama kwenye ngazi ya mlango uliofungwa, mabega ya kipepeo yakimfikia masikioni, jua likimmulika na ndevu zake za jana. Kapteni akavuta pumzi ili awafukuze.

Wimbo ukatoka.

Osang akachezesha midomo. Hakuwageukia watu, alimtazama kapteni usoni, na kila neno lililotoka kinywani mwa kapteni yeye alilishika kwa midomo. Pale juu Pilar alipopanda, mishipa ya shingo ikawasimama wote wawili. Muuza samaki alilia waziwazi, kikapu mapajani.

Ulipoisha, kapteni alilivuta kufuli, akaona limeshika. Akaandika kwenye karatasi, akampa Osang awasomee watu: "Tawanyikeni. Gumamela haitafunguliwa kamwe."

Osang akasoma neno kwa neno, kwa sauti yake nene ya kiume. Kisha akaikunja karatasi, akaipachika kifuani mwa gauni.

"Mmesikia. Basi Jumamosi ijayo tutakuwa hapahapa nje," akasema. "Na wewe, afande, ubeti wa pili usikohoe. Pilar hakukohoa pale."

Kapteni akalivuta kufuli mara nyingine, akaenda nyumbani kunywa mayai yake.