Dumu Lisilotiwa Rangi

Kikao cha ukoo kiliitwa ili Cheche akubali kusema uongo. Bila shaka hakuna aliyelitaja neno hilo. Shangazi alisema wanataka "kuyamaliza kifamilia", na wote waliojazana kwenye makochi wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wamesikia jambo la maana sana.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo alilipata kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Nyuma ya karakana alijenga mtambo mdogo kwa mikono yake: shimo la samadi linalotoa gesi, pipa lenye nyuzi za chuma za kunasa uvundo wa mayai viza, tanuri ambamo gesi huchanganywa na mvuke, na bomba nene lililojaa punje za shaba. Mwisho wa safari hiyo yote ilidondoka methanoli, ambayo aliwauzia watengeneza vanishi.

Kwa macho ni maji matupu. Kwa pua utadhani ni pombe kali. Ukiinywa, huanza na macho, halafu humalizia na wewe mwenyewe. Ndiyo maana Cheche alilitia kila dumu rangi ya buluu kabla halijatoka getini, buluu ya kukera ambayo hata mlevi wa kutupwa angeistukia. Kila aliyekanyaga pale aliambiwa sababu. Kaka yake, aliyesambaza madumu kwa pikipiki, aliambiwa mpaka akalalamika kwamba masikio yanamuuma.

Kaka huyo mtaani walimwita Nijazie, maana tangu apate akili hakuwahi kukataa glasi ya bure. Yeye ndiye aliyekinga dumu moja kwenye bomba, kabla ya rangi, akampelekea mwenye baa. Wa kwanza kumiminiwa alikuwa mjomba wao, seremala ambaye alikuwa akifumba jicho moja tu na kukwambia ubao umepinda wapi. Sasa mjomba alikuwa kitandani hospitalini, mchana kweupe, akiuliza nani kazima taa.

"Mwanangu," Shangazi alisema, "wewe utasema ulisahau kutia rangi. Basi, yamekwisha. Kila mtu husahau."

"Mimi sikusahau."

"Kaka yako ana watoto wadogo."

"Na mjomba ana nini?"

"Cheche, adabu!" mama yake alimkemea.

Damu ilimchemka Cheche. Adabu! Mtu kapofushwa, na wao wanatafuta adabu. Karibu na mlango alikaa mke wa mjomba, mfuko wa hospitali mapajani, ndani yake chupa ya chai na nguo chafu za mumewe. Walikuwa wamemleta aombwe radhi, asamehe, kisha arudi wodini. Tangu aingie hakuwa amefungua kinywa.

"Mdogo wangu, mimi ningejuaje?" Nijazie alisema kwa sauti ya unyonge. "Mimi si mtaalamu. Nilijua ni spiriti ya kawaida tu, tutapata chochote. Haki ya Mungu, nilikaa naye meza moja! Ningejua, ningemwacha mjomba wangu anywe?"

"Umesikia?" Shangazi alimgeukia Cheche. "Alikaa naye meza moja."

"Nimesikia," Cheche alisema. Alimtazama kaka yake. "Na wewe ulikunywa nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Pombe kali, ya bure, umeileta mwenyewe. Ulikunywa nini?"

Nijazie alitazama zulia.

"Soda," alisema mke wa mjomba.

Wote waligeuka.

"Mume wangu kanisimulia leo asubuhi," alisema polepole, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe. "Anasema alikutania sana. Kumbe siku hizi umeokoka, mpwa wangu, unakunywa soda! Na wewe ukacheka naye."

Nijazie alivuta kofia yake hadi machoni.

"Jamani," Shangazi alisema, "haya yasitoke nje ya mlango huu."

Mke wa mjomba alikuwa keshaufungua. "Nishikie mfuko, Cheche," alisema. "Kituo cha polisi unakijua wewe."

Cheche aliuchukua. Mama yake alimkamata mkono. "Wataufunga mtambo wako. Jasho lako lote lile!"

"Waufunge, mama. Mimi nitachomelea mwingine," Cheche alisema, na sasa machozi ya hasira yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Nani atamchomelea mjomba macho?"

Alijinasua, akamfuata mke wa mjomba barabarani.