Kitambaa cha Rauta

Rauta, kisanduku cha kurusha intaneti nyumbani kwa mzee Liberatus, pale Mlandege, iliishi ndani ya kabati la vioo sebuleni, katikati ya masinia ya harusi na birika ambalo halijawahi kumimina chai. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kazi ya Blandina, dada yake mzee, na kabati likafungwa. Ufunguo aliushika mzee mwenyewe, maana kitu cha gharama hakiachwi ovyo.

Intaneti ilijikokota hadi mlango wa sebule ikachoka. Chumba cha uani, anakolala binti yake Eveline, haijawahi kukikanyaga. Na leo saa nne Eveline alikuwa na usaili kwa video, kazi ya maabara kwenye kiwanda cha chai. Sebuleni hapakaliki: kamati ya ujenzi wa kanisa imeshajaa, inajadili mabati.

Saa nne kasoro dakika kumi, Severina, mkewe, aliingia na kanga kiunoni.

"Baba Eveline, uani hakuna kitu."

"Hakuna vipi? Nimenunua ripita jana. Muuzaji kasema inarefusha mtandao."

"Umeichomeka wapi?"

"Chumbani kwa mtoto. Si ndiko mtandao haufiki?"

Severina alimtazama kama anayetazama ugali mbichi.

"Ripita ni kama mwitikiaji wa kwaya. Inaitikia inachosikia. Wewe mwanzilishi wa wimbo umemfungia kabatini hapa Mlandege, umemfunika na shuka, halafu mwitikiaji umempeleka mbali kule Nyololo. Aitikie nini?"

Mzee Vitus, mwalimu wa kwaya, alikohoa kuficha kicheko.

"Tuongee baadaye," Liberatus alinong'ona. "Kuna wazee."

"Wazee wameshaona kabati limefungwa. Lete ufunguo."

Akaleta. Severina aliitoa rauta, akaisimamisha juu ya kabati, kisha akaihamishia ripita kwenye korido, nusu ya njia, inakosikia bado. Alipochungulia uani, Eveline alikuwa anasema, "Ndiyo, nawasikia vizuri."

Baada ya nusu saa binti alitoka anatabasamu. "Mama, wamenisikia mpaka mwisho. Jumatatu wananitaka kiwandani."

Wazee wakapiga makofi. Mzee Vitus akauliza, "Liberatus, fundi wenu nani?"

Liberatus alijiweka sawa kitini. "Aa, tumejitahidi wenyewe tu. Ripita niliinunua mimi."

Severina alimtandikia kile kitambaa kichwani, akakinyoosha pembe.

"Fundi huyu hapa," alisema. "Tumfunike, asiingie vumbi."