Kichwa cha Pili cha Dishi

Mimi ni mtu wa aibu. Dukani nikikuta watu watatu, narudi nyumbani bila chumvi. Nilipoolewa kijijini Masoko, ile desturi yetu ya mkamwana kutosema na baba mkwe wala kukutana naye uso kwa uso, wenzangu waliiona mzigo. Mimi niliiona mapumziko.

Kilichoniponza ni mdomo. Wifi yangu Vaileth anaimba kwaya Mbeya, na Jumapili hiyo wangeonyeshwa kwenye televisheni saa tisa. Stesheni yenyewe iko kwenye setilaiti iliyo jirani na ile ya mpira wa baba mkwe, na dishi ni moja. Mume wangu Amoni akanunua kichwa cha pili, kile kidude cha mbele ya dishi kinachonasa mawimbi, kifungwe kando ya kile cha kwanza, dishi lisigeuzwe. Kisha akaitwa zamu kiwandani.

"Nitafunga mimi," nikamwambia mama mkwe. "Nilishamwona fundi akifunga kwetu Nkunga."

Kweli nilimwona. Nilikuwa namenya ndizi.

Setilaiti ya pili iko mashariki ya ile ya kwanza, basi nikapanda juu ya kreti uani, nikafunga kichwa upande wa mashariki. Hata mbuzi angefanya hivyo. Mama mkwe alikaa sebuleni kunijulisha picha ikija.

"Bado."

Nasogeza.

"Bado, mwanangu."

Saa ikakaribia, akatoka kuwaita majirani, maana alikwisha kuwaalika tangu kanisani. Ndani akabaki baba mkwe na mguu wake mbovu. Sasa nimuulize nani? Nikasogeza kichwa kimyakimya.

"Wewe kuku," baba mkwe akasema dirishani, "huku bado giza."

Nikatazama uani. Hapakuwa na kuku.

Nikasogeza tena.

"Giza, kuku. Na ulisema unajua."

Nikalegeza skrubu kupita kiasi, kichwa kikachomoka, nikakidaka upande wa magharibi, karibu kabisa na mwenzake. Ndani watu wakaimba, wakakatika; nikakirudisha palepale, wakaimba tena. Baadaye fundi alinieleza kwamba dishi ni kama kioo: kinachotoka mashariki hukirushia magharibi. Wakati ule nilijua tu kwamba majirani wanapiga hodi, na sikuwa na hakika kama ile ni kwaya au redio ya mtu.

"Imekuja?" nikauliza kwa sauti.

Ndilo neno langu la kwanza kwa baba mkwe tangu niolewe. Nikatamani ardhi ya Masoko inifunike.

"Kuku anauliza kama imekuja," baba mkwe akasema taratibu. "Aambiwe imekuja. Asitikisike."

Skrubu ilikuwa imepotelea majanini. Nikabaki juu ya kreti, mkono umeshika kichwa, mwili nimeukunja nisizibe dishi. Ndani wakapiga vigelegele. Mama mkwe akachungulia mlangoni, machozi yanamtoka.

"Sekela, njoo umwone wifi yako."

"Nikija, mama, hamtamwona."