Maji Mpaka Ukingoni

Zahanati ile haikuwahi kupata mgonjwa mkaidi kama yule samaki. Aliletwa mdogo kama kidole, ndani ya mfuko wa plastiki, zawadi ya mtu aliyepona. Wakamtia kwenye tangi la kioo katika chumba cha kusubiria, pamoja na samaki wadogo wa rangi. Mwaka haujaisha, yeye alikuwa mrefu kama mkono na wenzake wote walikuwa wamepitia tumboni mwake. Wauguzi wakampa jina: Mwenye Nyumba.

Aliyempenda ni mama wa usafi. Watoto wake walikuwa mbali, nyumbani hana wa kumuuliza ameshindaje, basi maneno yake yote aliyamalizia kwa Mwenye Nyumba huku akipiga deki. Na samaki, tuseme haki, hakuwa na kiburi. Kila baada ya dakika kadhaa alipanda, akachomoza mdomo juu ya maji, akashuka.

"Ameitika," mama aliwaambia wagonjwa, na hata aliyekuja na jino bovu akacheka.

Kasoro yake ilikuwa kutoroka. Mara mbili mama alifungua mlango asubuhi akamkuta anajikokota kwa mapezi kwenye sakafu yenye unyevu, mzima wa afya, anaelekea bafuni. Mara ya pili daktari alimwona, akamwita afisa uvuvi.

Afisa alikuwa binti mpole mwenye mabuti ya mpira. Aliinama mbele ya tangi kwa muda mrefu.

"Huyu si wa huku, mama. Akifika mtoni atawamaliza samaki wetu. Anaweza kukaa nje ya maji siku nzima. Anatambaa kwenye majani mabichi, na bwawa likikauka anajifukia kwenye tope anangoja mvua."

"Huyo amejaliwa," mama akasema, kifua mbele, kama mzazi aliyesomewa matokeo ya mwanawe.

"Amejaliwa kupita kiasi. Jumatatu nitampeleka kituoni kwetu, kuna tangi lenye kufuli, atatunzwa. Lakini daktari amesema akitoroka tena kabla ya hapo, auawe palepale. Hapo mimi sitakuwa na la kusema."

Ijumaa jioni wenzake walipoondoka, mama alibaki. Siku mbili bila mtu, na roho haikumtulia. Akafanya anachokijua. Alibeba maji ndoo kwa ndoo, akajaza tangi mpaka ukingoni, maana nani anahama nyumba isiyopungukiwa kitu? Kisha akalaza juu yake kioo kizima cha dirisha, kikakaa sawasawa bila upenyo, akakikandamiza kwa matofali mawili.

"Tulia, baba," alimwambia. "Jumatatu si mbali."

Jumatatu walimkuta amelala ubavu chini ya kioo, mdomo umekigusa. Afisa aliondoa matofali, akainua kioo, maji yakamwagikia mabuti yake.

"Maji ni safi, nimeyatia mwenyewe," mama akasema. "Kimemuua nini?"

"Acha tu, mama."

"Niambie, mwanangu. Mimi si mtoto."

Binti alishusha pumzi. "Ana mashavu ya kupumulia majini kama samaki wengine, lakini hayamtoshi. Kule kupanda juu alikuwa anavuta hewa. Asipoipata anakufa maji, kama mimi na wewe."

Mama alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa amesikia kwamba samaki huyu anaweza kutoka majini. Kwamba ni lazima atoke, hilo hakuambiwa na mtu, na wala halikumpitia akilini. Aliumia, akalia bila kujificha.

Daktari alipita, akatazama tangi, akamshika bega. "Usilie, mama. Umetuokolea mto."

"Mto sikuuwaza, daktari," mama akasema. "Nilimfunika ili msimuue."