Rangi ya Nairobi

Kumbikumbi wa kwanza alitua juu ya boneti, akazama kwenye rangi mbichi, akabaki akipunga bawa moja hewani kama mtu anayeaga. Majaliwa alimtoa kwa ncha ya unyoya wa kuku. Wa pili akatua. Kisha, kutoka kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya jiko, wakafumuka kwa mamia, na ua mzima wa Bwana Miwani ukajaa mbawa.

"Turubai!" Majaliwa alipiga kelele. "Mabula, leta turubai!"

"Ukilifunika gari sasa, utalifunuaje baadaye?" Mabula, mlinzi wa nyumba, alijibu bila kuinuka. "Turubai litaondoka na rangi yote." Alikwisha kuvua kofia yake na kuigeuza kikapu.

Alisema kweli. Majaliwa alisimama, mikono ikining'inia, akiwatazama wadudu wakijizika mmoja mmoja katika buluu aliyoipaka tangu asubuhi: madigadi zote, milango miwili, hadi mkia wa gari uliochongoka. Kosa lilikuwa lake. Kiangazi chote vumbi la Shinyanga lilikuwa limemnyima nafasi ya kupaka, basi akangoja mvua ya kwanza ililaze, na hewa ilipotulia akafungua kopo. Aliwaza vumbi tu. Alisahau kwamba mvua inayolaza vumbi ndiyo hiyohiyo inayowatoa kumbikumbi chini.

"Mmanyema," Mabula alisema akitafuna, "ungewasha moto chini ya gari tukala wa kukaanga."

"Mla wadudu we!"

"Mimi nawala. Wewe unawapaka rangi. Nani mwenye akili?"

Bwana Miwani akatoka barazani. Alikuwa Mzungu mtafuta dhahabu, wa kwenda na kurudi baina ya Shinyanga na Geita kupasua mawe, na watu walimpa jina hilo kwa ajili ya miwani mikubwa aliyovaa akiendesha. Aliizunguka motokaa yake. Majaliwa alingoja matusi, pengine na teke. Lakini Mzungu alianza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Majaliwa, mimi nataka buluu. Wewe unanipa chui!"

"Nitaisugua yote, bwana. Nitaanza upya."

"Haya, anza upya. Hata Nairobi wangekosea."

Siku hiyo Majaliwa alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi.

Kabla ya motokaa, kazi yake ilikuwa vitanda. Alijifunza Tabora, katika karakana ya seremala mmoja Mhindi, ambako vitanda vya harusi viling'arishwa mpaka bibi harusi aweze kujitazama kwenye ubao wa kichwani. Hapo ndipo alipojua kwamba kitambaa, hata kiwe laini namna gani, huacha mistari, na kwamba kupaka kwa mwisho ni kwa kiganja, pale chini ya kidole gumba ambapo nyama ni nene. Aliyajua hayo kwa mbao. Bwana Miwani alipomwonyesha gari lake la viti viwili, rangi yake imepasuka kwa jua kama kisigino cha mkulima, Majaliwa aliligusa akasema, "Hili nalo ni kitanda, bwana. Tofauti yake linakimbia."

Walilitengeneza pamoja, na hilo ndilo lililomvuta moyo. Mzungu alivua shati, akashika msasa na maji, wakakwaruza mpaka bati likatokea jeupe. Majaliwa akaziba mashimo, akasugua, akapaka safu nyembamba, akangoja, akasugua tena. Nta aliitafuta kwa Wasumbwa warina asali, akaiyeyusha kwa mafuta ya taa. Ngozi ya viti, iliyokuwa imekauka ikilia kila mtu akikaa, aliilainisha kidogokidogo kwa samli aliyochuja mara nyingi isije ikanuka.

Na walipokuwa wakifanya kazi, walitaniana. Mabula ndiye aliyeanzisha. Yeye Msukuma na Majaliwa Mmanyema walikuwa wakitukanana tangu asubuhi hadi jioni bila kukasirikiana, na Mzungu akataka kujua ni ugomvi gani usioisha. Alipoelezwa utani ni nini, kwamba mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele ya mkweo, kisha akaja kukuzika ukifa, alipiga kofi la furaha.

"Mimi pia! Niwe mtani!"

"Basi, Wazungu wapasua mawe ni watani wa Wamanyema kuanzia leo," Mabula alitoa hukumu. "Ila mkianza kudaiana mbuzi msiniite."

Tangu hapo Mzungu alimwita Majaliwa mvivu, kipofu, mtu wa kupaka mbuzi rangi. Majaliwa alimwita mwizi wa mawe ya watu. Na kila baada ya tusi, bila kukosa, Bwana Miwani alimpiga bega na kusema neno jema. Tusi kwanza, kisha sifa. Majaliwa aliuzoea utaratibu huo kama mtu anavyozoea hatua za ngazi ya nyumbani kwake.

Ahadi ya kazi aliipata baada ya safu ya mwisho kukauka. Huko Geita machimboni kulikuwa kumejengwa gereji kubwa, na mkuu wake, Mzungu mmoja mzee, alitafuta fundi wa kupaka malori yanayoliwa na kutu. Hakumchukua mtu ila kwa neno la Mzungu mwenzake. Bwana Miwani alimjua. "Akija hapa ataona gari," alisema. "Mimi nitasema: huyu ndiye. Utakuwa fundi, na nyumba yako. Si mwosha gari tena."

Fundi. Majaliwa alilitamka neno hilo njiani, taratibu.

Mkewe Zuwena aliposikia akainuka. Alifungua sanduku, akatoa kanga yake ya harusi iliyokwisha kulainika kwa miaka ya kufuliwa, akaipasua katikati.

"Ulisema nguo mpya inakwaruza rangi."

"Mama Mwasiti, hiyo ya harusi!"

"Nitavaa nyingine Geita." Akampa. Baadaye jirani yao Chausiku akaanza kumwita Mama Geita kisimani, naye hakukataa; alicheka tu, na jioni moja akaanza kufunga vyombo.

Mkuu wa gereji alifika asubuhi yenye jua safi. Alikuwa mzee mkavu, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha Bwana Miwani, maana alikuwa amekaa nchini miaka mingi. Hakukaribia chai kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akachuchumaa, akalitazama kwa ubavu namna mtu anavyotazama maji ya bwawa. Mawingu yalipita ndani ya mng'ao wa mlango. Akapitisha kidole chini ya madigadi, mahali ambapo mafundi wavivu huacha, akakitazama kidole.

"Hii ni kazi," alisema. "Nani kaifanya?"

Majaliwa alikuwa amesimama karibu na gurudumu, kipande cha kanga mkononi. Bwana Miwani alimwekea mkono begani.

"Rangi ya Nairobi," alisema. "Nilipeleka Nairobi."

"Na huyu?"

"Huyu mwosha gari tu. Mpe brashi, atapaka mbuzi!"

Majaliwa akacheka. Alicheka kwa moyo wote, kwa sababu tusi lilikuwa lilelile la kila siku, na mkono ulikuwa begani palepale, na sifa ilikuwa njiani inakuja. Hata akalijibu kama inavyompasa mtani.

"Kweli kabisa, bwana! Mimi hata ndoo naishika kichwa chini."

Langoni Mabula naye akaangua kicheko. Mgeni akacheka pia, akatikisa kichwa.

"Bahati mbaya. Nilidhani nimepata mtu."

Majaliwa alimtazama Bwana Miwani, akingoja. Sasa, alijiambia. Sasa atasema. Bwana Miwani alimshika mgeni kiwiko, wakapanda barazani. Vikombe vikalia. Majaliwa aliendelea kusugua taa iliyokwisha kung'aa, tabasamu limebaki usoni mwake kwa kukosa mahali pa kwenda. Angeweza kupanda ngazi zile akasema, ni mimi. Lakini kumwumbua mtu mbele ya mgeni wake, nyumbani kwake, na mtu ambaye ni mtani wako? Pengine anangoja chai iishe, aliwaza. Pengine anataka kumshtua vizuri.

Chai iliisha. Mgeni alishuka, akaingia kwenye lori lake, akamwinulia Majaliwa mkono.

"Ulioshe vizuri," alisema, na lori likaondoka.

Mabula alifunga lango. Hakuwa akicheka tena. Alikuja akasimama karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu. Ule haukuwa utani."

Bwana Miwani alikuwa bado ngazini, akiwasha sigara. Majaliwa alimwendea.

"Bwana, uliniahidi."

Mzungu hakukana, wala hakukasirika. Uso wake ulikuwa na upole uleule wa siku ya kumbikumbi, na upole huo ndio ambao Majaliwa hakuweza kuutazama.

"Nikisema ni wewe, anakuchukua leoleo. Nani atatunza gari langu? Hakuna mwingine kama wewe, Majaliwa. Hakuna." Alimpa sigara. "Huko ni malori. Matope. Hapa una kitu kizuri. Kesho tunaanza kupaka magurudumu, sawa?"

Sifa ilikuwa imekuja, basi. Ilikuja baada ya tusi, kama siku zote, ila mtu aliyepaswa kuisikia alikwisha kuondoka. Majaliwa aliishika sigara bila kuiwasha, naye hakuwa mvutaji, akatoka langoni.

Nyumbani alimkuta Zuwena ameketi katikati ya mafurushi.

"Kasema tunahama lini?"

Majaliwa alivua viatu. Alimweleza yote, hadi pale alipocheka. "Nilicheka, Mama Mwasiti. Yeye alinikana mara moja. Mimi nikaitikia."

Mikono ya Zuwena ililegea juu ya kamba ya furushi.

"Yule mzee wa gereji anajua Kiswahili?" aliuliza.

"Anakijua."

"Anaona kwa macho?"

"Anaona. Lakini hamchukui mtu bila neno la Mzungu."

"Hayo kasema nani?"

Aliyesema hayo alikuwa Bwana Miwani.

Asubuhi hakwenda kazini. Jua lilikuwa limepanda juu ya mapaa aliposikia honi nje, mlio ule wenye madaha ambao mtaa mzima uliujua. Haikuwahi kutokea Mzungu yule kuja mpaka uchochoroni kwao. Majaliwa alichungulia kwenye upenyo wa mlango. Gari lilisimama uchochoroni, buluu yake imetulia kama maji, na Bwana Miwani ameketi ndani, miwani imepandishwa kipajini, akitabasamu kama mtu aliyekuja kumchukua rafiki.

Honi ikalia tena.

"Anakuita," Zuwena alisema. Alikuwa amepiga magoti, akifunga mkeka wa kulalia kwa safari ya Geita.

"Namsikia."

Watoto wa mtaa walitoka kila pembe. Walisimama mbali kwanza, wakijiona wenyewe kwenye mlango wa gari, wafupi na wenye vichwa vikubwa, wakacheka. Kisha mmoja wao, aliyekuwa akila ugali wa jana, akasogea na kuweka kiganja chake chote juu ya boneti. Akakitoa, akaitazama alama aliyoiacha, akakiweka tena pembeni yake. Wengine wakamfuata. Viganja vikatapakaa mlangoni, kwenye madigadi, hadi mkiani, na Bwana Miwani akainuka kwenye kiti akiwafukuza upande mmoja huku wakihamia upande wa pili.

"Majaliwa!" aliita. "Majaliwa, wanaharibu!"

Majaliwa alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Nyuma yake Zuwena alikaza kamba, akaivuta kwa meno, akafunga fundo.