Chungu Kilichofundishwa Kuitikia

Kaka alitaka vyungu viondolewe, na dada mtu aliapa kwamba vikiondoka, na yeye anaondoka navyo.

Walikuwa wawili tu katika chumba cha nyuma cha saluni ya shangazi yao, kila mmoja na kompyuta yake, ukuta mwembamba ukiwatenga na ngurumo za mashine za kukaushia nywele. Dada alichora, ndiyo maana hata wateja wa saluni walimwita Mchoraji. Kaka yake, Injinia, aliandika programu. Kwa pamoja walikuwa wakitengeneza mchezo wa video wa bata mnene aliyesahau kupaa, ambaye hurukaruka kutoka paa hadi paa akilitafuta bwawa lake.

Pale penye ugumu, Mchoraji alikuwa ameweka vyungu vinavyoning'inia hewani. Kila chungu kilikuwa na uso wa mzee anayesinzia. Bata akikipiga kwa kichwa kutoka chini, macho yanafumbuka na chungu kinatoa dokezo: "Kimbia kwanza, ndipo uruke," au "Paa hilo limeoza, usisimame juu yake."

"Vinaharibu mchezo," alisema Injinia. "Mtu anataka kuumiza kichwa mwenyewe. Ukimwambia kila kitu, amecheza nini?"

"Sijamwambia kila kitu. Nimemdokezea."

"Umemtafunia, kilichobaki ameze tu."

Neno hilo lilimchoma Mchoraji. Vyungu vile alivichora kwa mapenzi ambayo hata bata mwenyewe hakuyapata. Walibishana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana jambo moja: watafute mtu ambaye hajawahi kugusa mchezo wa video maishani mwake, wamkabidhi pedi ya kuchezea, wao wafunge midomo. Akivitumia vyungu, vinabaki. Asipovitumia, kwaheri ya kuonana.

Mtu huyo hawakumtafuta mbali. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, ameshika kitana.

"Mimi?" Shangazi alicheka. "Haya, leteni huyo bata wenu. Akifa, msinililie."

Waliunganisha mchezo kwenye televisheni ya saluni. Wateja waliokaa chini ya mashine waligeuza shingo, rola zikining'inia. Injinia akaegemea mlango, mikono kifuani. Mchoraji alikaa pembeni, amejikunyata kama anayesubiri majibu ya mtihani.

Shangazi alijifunza upesi: kitufe hiki bata anakwenda, hiki anaruka, hiki anainama. Akavuka mapaa mawili kwa mbwembwe, akafika kwenye shimo pana lenye chungu cha kwanza kando yake. Akasimama chini ya chungu, akakitazama kwa muda. Kisha akaruka kuelekea ng'ambo, na bata akatumbukia.

Akarudia. Bata akasimama chini ya chungu, akainama mara mbili, akaruka, akatumbukia. Akarudia tena na tena. Saluni nzima ikawa inapiga kelele kila bata anapodondoka, na mama mmoja alicheka mpaka rola ikamtoka ikabingirika chini ya kiti. Ila chungu hakikuguswa hata kidogo.

Injinia alimtazama dada yake na kuinua nyusi. Mchoraji alijaribu kuvumilia. Mwishowe uzalendo ukamshinda.

"Shangazi, yule mzee wa kwenye chungu hujamwona?"

"Nimemwona vizuri sana."

"Sasa mbona humgongi kwa kichwa akuambie njia?"

Shangazi aliishusha pedi mapajani, akamgeukia taratibu. "Nimgonge kwa kichwa? Mzee wa watu amejilalia zake, mimi nije nimtwange kichwa ndipo nimwulize njia? Amenikosea nini?"

"Ndivyo mchezo ulivyo, Shangazi," alisema Injinia.

"Basi mchezo hauna adabu. Mimi nimemwinamia, nimemwambia shikamoo, wote hapa wameniona. Kakaa kimya. Sasa mwenye kiburi nani, mimi au yeye?"

Vicheko vikaitikisa saluni. Injinia mwenyewe alijaribu kujizuia, akashindwa, akateleza kando ya mlango mpaka akakaa sakafuni.

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameisogelea televisheni, kidole karibu na skrini. "Halafu nyie watoto," alisema kwa sauti ya chini, "huyu si baba? Masikio haya nayajua mimi. Haya ni masikio ya babu yenu."

Mchoraji aliinuka akatazama. Wakati wa kuchora hakumfikiria mtu yeyote, mkono ulijiendea tu. Lakini masikio yalikuwa yale yale, makubwa, yamechomoza kama vishikio vya sufuria, na kope zile nzito za mtu anayesinzia huku anakusikia. Injinia naye alisimama. Wote wawili walikuwa wadogo babu alipofariki.

"Masikini baba," Shangazi alisema, na sasa alitabasamu. "Ukimwuliza njia, hakuwa anakuonyesha kwa kidole kama watu wengine. Anavaa viatu, anakusindikiza. Mama alikuwa anapakua chakula, akigeuka, mume kaondoka na mgeni asiyemjua, wameshafika kona ya tatu!"

Mchoraji alimtazama kaka yake. Injinia alikuwa tayari anaelekea kwenye kompyuta.

Kazi haikuchukua muda mrefu. Bata akiinama chini ya chungu, macho yafumbuke, chungu kiitikie, kisha kishuke kutoka kilipotundikwa na kumsindikiza hadi ukingoni mwa shimo kikimweleza njiani. "Na anayependa kugonga kwa kichwa?" Injinia aliuliza bila kuinua macho. "Watakuwepo."

"Naye aambiwe," Mchoraji alijibu. "Ila chungu kigune kwanza."

Sauti ya kuguna aliitoa Injinia mwenyewe. Ya kuitikia waliirekodi kwa Shangazi, wateja wameziba midomo kwa mikono yao wenyewe na mashine zote zimezimwa. Alisema "marahaba" kwa sauti nzito ya baba yake, akamalizia kwa kikohozi ambacho hakuna aliyemwagiza, nao wakakiacha.

Kisha akapewa pedi tena. Bata akainama. Chungu kikaitikia. Kikashuka, kikatangulia kikiyumbayumba, kikasema, "Rudi nyuma kidogo, mjukuu wangu, kimbia, uruke ukiwa ukingoni kabisa." Shangazi akarudi nyuma, akakimbia, akaruka. Bata alipotua ng'ambo, saluni ililipuka kwa vigelegele kama pameletwa bibi harusi. Shangazi alirusha pedi kwenye kochi, akamkumbatia Mchoraji, akamkumbatia Injinia, akamkumbatia na mteja ambaye nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu.

"Vinabaki," Injinia alimnong'oneza dada yake. "Vyote."

Wiki chache baadaye waliupeleka mchezo kwenye maonyesho ya michezo ya video. Meza yao ilikuwa kwenye kona ya ukumbi, lakini foleni ilifika hadi mlangoni, maana watu walitaka kumsikia mzee akiguna, kisha wakarudi nyuma ya foleni waje kumwamkia kwa heshima. Mlinzi wa mlango, mtu wa miraba minne, alikuja wakati wake wa mapumziko. Akavua kofia, akashika pedi kwa vidole viwili. Alikiinamia chungu, akaitikiwa, akafurahi sana. Akaiinamia na ngazi iliyokuwa mbele ya bata. Akaliinamia wingu. Akangoja.

"Dada," alimwambia Mchoraji kwa uso mkavu kabisa, "wingu halijaitika."

Mchoraji alimgeukia kaka yake.

"Usiniangalie hivyo," alisema Injinia.

"Sijasema kitu."

"Hilo jicho nalijua." Akavuta kiti, akafungua kompyuta pale pale katikati ya watu. Nyuma yake, Shangazi alipenyeza kichwa kwenye umati na kupaza sauti:

"Na ngazi je?"